Kiwanda Kikifungwa, Timu Inabaki na Nani?

Washabiki wa Liverpool wa rika langu wanamkumbuka Sami Hyypiä, beki mrefu wa Ufini aliyekuwa nguzo ya ngome iliyotwaa Kombe la Mabingwa wa Ulaya mwaka 2005. Wanamkumbuka pia Jari Litmanen, aliyelitwaa kombe hilohilo na Ajax mwaka 1995 kabla ya kuja kuvaa jezi nyekundu ya Anfield mwaka 2001. Wachache wanajua kwamba mwaka 1992 wawili hao walikuwa timu moja, katika mji mdogo wa kiwanda cha karatasi uitwao Myllykoski, kando ya mto Kymi, kusini-mashariki mwa Ufini. Timu yenyewe ni Myllykosken Pallo-47, ambayo kila mtu huiita MyPa. Mwaka huo ilinyakua Kombe la Ufini. Mwaka 2005 ikawa bingwa wa nchi. Mwishoni mwa 2011 kiwanda kikafungwa, na mwanzoni mwa 2015, kabla msimu haujaanza, MyPa ikajitoa katika ligi kuu kwa kukosa fedha.

Mimi ni mzaliwa wa Webuye, mji wa karatasi wa Kenya. Kiwanda cha Pan African Paper Mills kilianza uzalishaji miaka ya sabini kando ya mto Nzoia, na timu yake, Pan Paper, ilipanda hadi ligi kuu, tukawa tunawakaribisha Gor Mahia na AFC Leopards nyumbani kwetu. Mwaka 2009 kiwanda kilifunga milango na zaidi ya watu elfu moja wakamwaga unga. Timu ilichakaa pamoja na kiwanda, na leo haipo. Ndiyo sababu, nilipopata nafasi ya kuzunguka Ufini, niliiacha njia ya watalii waendao Lapland kutazama theluji, nikafuata reli itokayo Helsinki kwenda Lahti, Kouvola hadi bandari ya Kotka. Katika reli hiyo moja zimepangana klabu zilizohamishwa na vita, klabu zilizounganishwa, klabu zilizofilisika na klabu zilizofufuka. Nilitaka kujua: kile kinachoibeba klabu kikiondoka, ni nini kinachoizuia isianguke?

Lahti

Treni ya kutoka Helsinki hufika Lahti baada ya muda wa kama saa moja. Kitu cha kwanza mgeni anachokiona ni minara mirefu ya kurukia kwa skii, iliyosimama juu ya mji. Chini yake upo uwanja wa mpira. Mimi nilikwenda uwanja mwingine, Kisapuisto, ambako tangu mwaka 2010 imesimama sanamu ya Litmanen. Si jambo la kawaida mchezaji kujengewa sanamu akiwa bado anacheza: mwaka uliofuata Litmanen alikuwa bado uwanjani, akibeba ubingwa na HJK ya Helsinki akiwa na umri wa miaka arobaini.

Litmanen alilelewa na klabu iitwayo Reipas. Baba yake, Olavi, aliichezea Reipas na timu ya taifa, na mama yake naye aliichezea Reipas. Lakini Reipas haikuzaliwa Lahti. Ilianzishwa mwaka 1891 huko Viipuri, mji wa Karelia uliokuwa miongoni mwa miji mikubwa ya Ufini, wenye ngome ya kale, bandari na biashara ya lugha nyingi. Katika Vita vya Majira ya Baridi vya 1939 na 1940, Umoja wa Kisovieti uliutwaa. Wafini waliurudisha mwaka 1941, wakaupoteza tena Juni 1944, na safari hiyo moja kwa moja. Zaidi ya watu 400,000 wa Karelia walihamishiwa sehemu nyingine za nchi, yaani zaidi ya mtu mmoja kati ya kila Wafini kumi. Wengi wa Viipuri walielekezwa Lahti.

Klabu nazo zilihama na watu wake. Reipas ilianza upya Lahti bila uwanja wake, bila jengo lake, bila mtaa wake. Kilichovuka ni jina na watu waliokuwa tayari kulibeba. Mwaka 1963 wahamiaji hao na watoto wao waliwaletea watu wa Lahti ubingwa wa Ufini. Wakaurudia mwaka 1967 na 1970. Kisha wakatwaa Kombe la Ufini mara tano mfululizo, kuanzia 1972 hadi 1976. Nilipokuwa nikiandika tarakimu hizi kwenye daftari, nilizisoma mara mbili. Webuye ilibaki na ardhi yake yote, mto wake, barabara yake ya kwenda Uganda na watu wake wote, na bado ilipoteza timu. Reipas ilipoteza mji mzima na ikapata miaka yake bora baadaye.

Pembeni mwa uwanja mmoja wa Lahti, kwenye mazoezi ya watoto, nilisikia mtu akiita kwa Kiswahili: "Rudia, mwanangu, usiogope mpira!" Ufini imepokea wakimbizi wa Kongo kwa miaka mingi, na mama yule alikuwa mmoja wao, mtu wa Uvira. Nilimsalimu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Unatoka wapi na Kiswahili hicho kisafi?"

"Kenya, mama. Webuye."

"Basi karibu kwetu," alisema, kisha akacheka kwa neno hilo, kwetu, lililomtoka bila kulifikiri. Aliniambia kwamba mwanawe mdogo alipelekwa kwenye klabu kabla hajaijua lugha. Ada ilikuwa kubwa kwa familia yao, lakini wazazi wengine walimwonyesha jinsi ya kuomba nafuu. Sasa yeye mwenyewe huwa na zamu ya kuuza kahawa siku za mechi. Alilieleza kama jambo la kawaida tu, kama mtu anayesema zamu yake ya kuchota maji. Mji uliopokea klabu ya wakimbizi sasa unalea watoto wa wakimbizi kwa utaratibu uleule: mwanachama, ada, zamu.

Hata hivyo, Lahti ina funzo la pili lililo gumu zaidi. Kulikuwa na klabu nyingine hapa, Kuusysi, ambayo mizizi yake iko katika timu ya Upo, kampuni ya majiko na majokofu. Kuusysi ilichukua ubingwa wa Ufini mara tano, mwaka 1982, 1984, 1986, 1989 na 1991. Katika Kombe la Klabu Bingwa Ulaya msimu wa 1985/86 iliitoa Zenit ya Leningrad, ikatinga robo fainali, ikatoka sare tasa na Steaua mjini București, kisha ikafungwa bao moja tu katika mechi ya marudiano mjini Helsinki. Steaua hao ndio waliolibeba kombe msimu ule. Lakini mpira wa kulipwa ulivyozidi kupanda gharama, mji wa ukubwa wa Lahti haukuweza tena kuzibeba timu mbili kubwa. Mwaka 1996 timu za kwanza za Reipas na Kuusysi ziliunganishwa, ikazaliwa FC Lahti.

Hapo ndipo nilipoanza kuliona jambo ambalo safari nzima ilikuja kulithibitisha. Kilichokufa mwaka 1996 ni timu. Klabu hazikufa. Majina ya Reipas na Kuusysi yaliendelea kwa vijana na watoto, na katika madaraja ya chini. Timu iliyovua jezi haikuondoka na mlango wa nyumba.

Kouvola

Kouvola ni njia panda ya reli. Treni za mashariki, kaskazini na kusini zote hupitia hapa. Kuanzia Desemba 2010 treni ya kasi iitwayo Allegro ilipita katika stesheni hii ikienda St. Petersburg, na kituo chake kimojawapo kilikuwa Viipuri. Safari hizo zilisimamishwa Machi 2022 kwa sababu ya vita vya Ukraine, na mwishoni mwa 2023 Ufini ikaufunga mpaka wake wa nchi kavu na Urusi. Nilisimama jukwaani nikitazama reli ile ile inavyoelekea mashariki. Viipuri iko karibu, lakini msafiri hawezi kuifikia kwa njia hii.

Hapa ndipo ilipotua klabu nyingine ya Viipuri, Sudet, iliyoanzishwa mwaka 1902. Sudet ilikuwa bingwa wa Ufini mwaka 1940, mwaka uleule ambao mji wake ulichukuliwa. Ilihamia kwanza Helsinki, halafu Kouvola. Ya tatu, Ilves-Kissat, ilikwenda Tampere na ikawa bingwa wa nchi mwaka 1950. Klabu tatu za mji mmoja zilitawanyika katika miji mitatu, na kila moja ilianza maisha mapya.

Lakini mwendo wao haukufanana. Reipas ilipata mji uliojaa watu wa Viipuri, ikapanda. Sudet haikurudia tena ubingwa wa soka, na mpira wake uliteremka madarajani hadi viwanja ambako watazamaji wanahesabika kwa macho. Ilves-Kissat iliishia kumezwa na klabu kubwa zaidi ya Tampere. Nimeandika hivyo kwa makusudi, ili nisijidanganye mwenyewe kwamba wanachama wenye moyo wanatosha kwa kila kitu. Moyo wa wanachama huihifadhi klabu. Hauhakikishi ligi kuu.

Ni vyema hapa nieleze ngazi zenyewe, maana zinasaidia kuelewa. Juu kabisa ipo Veikkausliiga, iliyopewa jina la shirika la taifa la bahati nasibu. Chini yake zinafuatana ngazi ambazo majina yake ni tarakimu: Ykkönen, Kakkonen, Kolmonen, Nelonen na kuendelea, yaani ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne. Mwaka 2024 iliongezwa Ykkösliiga kati ya ligi kuu na Ykkönen. Chini huku ndiko ziliko klabu nyingi za Ufini. Kisheria, nyingi ni vyama vilivyosajiliwa: vina katiba, mkutano mkuu wa mwaka, mwenyekiti, mweka hazina na wanachama wenye kura. Timu za juu zinazolipa mishahara mara nyingi hutengewa kampuni ya hisa. Kampuni ikifilisika, chama kinaweza kubaki kimesimama. Mgawanyo huo unaonekana kama jambo la makaratasi tu, kumbe ndani yake mna uhai na kifo.

Kuusankoski na Voikkaa

Nilipanda basi hadi Kuusankoski, kilomita chache kutoka Kouvola, kwa sababu ndiko alikokulia Hyypiä. Alianza kwa klabu ya Voikkaan Pallo-Peikot, akaenda KuMu ya Kuusankoski katika madaraja ya chini, kisha MyPa. Kuna watu wanaodhani nyota wa Ulaya hutoka katika akademia zenye nyasi za kupimwa kwa rula. Hyypiä alitoka katika klabu za mitaa ya viwanda, zilizoendeshwa na baba na mama waliotoka zamu ya mchana wakaingia zamu ya mpira.

Voikkaa ilikuwa na kiwanda chake cha karatasi hadi mwaka 2006, kampuni ya UPM ilipokifunga. Cha Kymi, palepale Kuusankoski, bado kinafanya kazi, na moshi wake mweupe huonekana kutoka mbali. Harufu yake niliijua kabla sijaona bomba lolote: ile harufu ya kuni zilizopikwa kwa dawa. Kwetu Webuye harufu hiyo ilikuwa kali mara nyingi zaidi. Ilikula mabati ya nyumba hadi yakatoboka, na akina mama waliilaumu kwa vikohozi vya watoto. Lakini iliponyamaza mwaka 2009, watu haohao waliitamani, kwa sababu iliondoka na mshahara. Nilimweleza hayo fundi mmoja mstaafu niliyekaa naye kituoni. Alitikisa kichwa muda mrefu, kisha akasema kwamba hata Voikkaa, wiki za kwanza baada ya kufungwa, watu waliamka usiku kwa sababu mashine zilikuwa kimya.

Eneo hili lina historia nzito. Ufini ilipigana vita vya wenyewe kwa wenyewe mwaka 1918, wekundu na weupe, wafanyakazi dhidi ya wenye mali, na bonde la Kymi lilikuwa upande wa wekundu. Walioshindwa walitengwa hata michezoni. Mwaka 1919 wafanyakazi walianzisha shirikisho lao la michezo, TUL, lenye ligi zake na mabingwa wake, na kwa miaka mingi miji hii ilikuwa na mipira miwili: wa mabwana na wa vibarua. Nadhani hapa ndipo ilipoota ile tabia ya kujitegemea. Watu waliozuiwa mlangoni walijifunza kujenga chao kwa michango yao wenyewe.

Myllykoski

Kutoka Kouvola treni ya Kotka hufika Myllykoski kabla hujamaliza kikombe cha kahawa. Mji umeshuka hadi mtoni. Majengo ya kiwanda bado yamesimama, ya matofali na ya saruji, makubwa kuliko kitu kingine chochote mjini, na pembeni mwake maji ya Kymi yanaporomoka.

Kiwanda kilianzishwa mwaka 1892. Kwa zaidi ya karne moja kilikuwa mikononi mwa familia moja, ya Björnberg, na kilijulikana kwa karatasi za majarida. Mafuriko ya simu na kompyuta yalipowapunguza wasomaji wa majarida Ulaya, soko la karatasi hizo lilianza kukauka. UPM iliinunua kampuni hiyo mwaka 2011, na Desemba mwaka huohuo ikakifunga kiwanda cha Myllykoski. Kilikuwa kimebakiza kama mwaka mmoja kutimiza miaka 120. Wafanyakazi zaidi ya mia tatu walipigwa kalamu.

MyPa iliundwa mwaka 1947, miaka ya kujijenga upya baada ya vita. Kampuni ya karatasi ilikuwa mdhamini wake mkubwa. Kwa mji wa watu elfu chache, mafanikio yake yanashangaza: Kombe la Ufini mwaka 1992, 1995 na 2004, nafasi ya pili katika ligi mara nne mfululizo kuanzia 1993 hadi 1996, mara nyingine tena 2002, na hatimaye ubingwa mwaka 2005. Mara tano waliambulia patupu mlangoni kabla ya mlango kufunguka. Mwaka 2007 Blackburn Rovers ya Uingereza ilipangwa nao katika Kombe la UEFA.

Uwanja wao, Saviniemi, unapokea watu kama 4,000. Jioni niliyofika kulikuwa na mazoezi ya watoto. Nilihesabu mistari ya viti vya plastiki iliyopauka kwa jua na baridi. Mlangoni palikuwa na meza ya kukunja, na juu yake chupa kubwa ya kahawa yenye pampu, trei ya maandazi ya iliki ambayo Wafini huyaita pulla, mkebe wa sarafu, na karatasi yenye namba ya kulipia kwa simu. Hakukuwa na mlinzi. Watu walichukua, wakalipa, wakaenda kukaa. Mama mmoja aliyevaa koti la klabu alikuwa akiziba tundu la wavu wa goli kwa uzi wa plastiki, fundo baada ya fundo, na alipomaliza alivuta kwa nguvu kujaribu kama linashika.

Mzee mmoja alikuwa amekuja kumtazama mjukuu. Alikuwa ameajiriwa kiwandani maisha yake yote ya kazi. Binti yake alitutafsiria.

"Mzee, kiwanda kilipofungwa, uliona timu itadumu?" nilimuuliza.

"Niliona itadumu misimu michache," alijibu. "Fedha za akiba huisha. Lakini hasira yangu haikuwa kwa mpira. Hasira yangu ilikuwa kwa sababu kiwanda kilikuwa kinatoa karatasi nzuri."

Niliuandika ule mwisho wa maneno yake na kuupigia mstari. Wazee wa Webuye husema vivyo hivyo: karatasi yetu ilikuwa nzuri, ndiyo iliyofunga vitabu vya shule vya watoto wa nchi nzima. Uchungu wa mji wa kiwanda unazidi mshahara. Ni uchungu wa watu waliojua kazi fulani vizuri sana, kisha wakaambiwa kazi hiyo haihitajiki.

Timu iliendelea kwa misimu mitatu baada ya kiwanda. Mwanzoni mwa 2015 ikakubali kwamba haiwezi kulipa gharama za ligi kuu. Wangeweza kuishia hapo. Lakini watoto walikuwa na mazoezi wiki iliyofuata, na mtu alipaswa kufungua geti. Wazazi walilipa ada, wenye magari waliwabeba wachezaji, akina mama waliuza kahawa. Wafini huita kazi hiyo ya pamoja isiyo na malipo talkoot, nasi tunaiita harambee. MyPa ikarudi uwanjani kupitia madaraja ya chini, na baada ya misimu michache ilikuwa imepanda hadi Ykkönen, ngazi ya pili wakati huo. Ligi kuu haijarudi. Saviniemi haijajaa tena kama siku za Litmanen. Lakini jioni ile kulikuwa na makundi manne ya watoto, la wasichana likiwa kubwa kuliko yote.

Kotka

Reli inaishia baharini. Kotka ni bandari ambayo karatasi na mbao za bonde zima zilipakiwa melini kwenda nje. Klabu ya hapa, KTP, ni ya wafanyakazi tangu jina lake, ilianzishwa mwaka 1927, na iliwashangaza wakubwa wa Helsinki kwa kutwaa ubingwa wa nchi mwaka 1951 na 1952. Baadaye nayo ilianguka kifedha. Timu ya mji ikacheza kwa jina la FC KooTeePee kwa zaidi ya miaka kumi, kisha jina la KTP likarejeshwa, na mwaka 2015, mwaka ambao MyPa ilijitoa, KTP ilikuwa ligi kuu.

Nimeipitia Kotka kwa haraka kwa sababu inarudia hadithi ileile kwa sauti ya tatu. Timu ilikufa, jina likazimia, watu wakaliamsha. Kati ya klabu zote nilizozifuata kwenye reli hii, sikukuta hata moja ambayo haijawahi kuanguka. Kufilisika, kuungana, kubadili jina na kuanza upya chini ni sehemu ya maisha ya mpira wa Ufini. Tofauti iko katika kinachobaki siku ya pili.

Webuye

Sasa niilete hesabu nyumbani.

Bonde la Kymi na bonde la Nzoia yanafanana kuliko nilivyotarajia. Mito miwili, viwanda viwili vya karatasi, miji miwili iliyokua kwa sababu ya bomba la moshi, timu mbili zilizofika ligi kuu kwa msaada wa bomba hilo. Sababu za kufungwa hazikuwa zilezile. Myllykoski iliangushwa na soko la majarida na maamuzi ya kampuni kubwa. Webuye ilizama katika madeni, umeme wa gharama na upungufu wa miti. Kiwanda chetu kilinunuliwa mwaka 2016 na wawekezaji wapya, lakini wakati huo kizazi kizima cha vijana kilikuwa kimekua bila timu ya mji.

Tofauti kubwa ni hii: Myllykoski kulikuwa na timu na kulikuwa na klabu. Webuye kulikuwa na timu tu. Pan Paper ilikuwa idara ya kiwanda. Wachezaji walikuwa waajiriwa, jezi zilitoka stoo, basi lilikuwa la kampuni, na kocha alimjibu meneja. Sisi wakazi tulikuwa watazamaji. Tuliipenda timu kwa dhati. Baba mdogo wangu alinibeba mabegani kwenda kuitazama. Lakini hapakuwa na daftari lenye majina yetu, wala mkutano ambao mtu angeitisha siku kiwanda kilipolemewa. Mti ukifa shinale, na tanzu zake hukauka.

Nasi si wa peke yetu. Oserian, timu ya shamba la maua la Naivasha, ilikuwa bingwa wa Kenya mwaka 2001 na 2002, na leo haimo ligi kuu. Sony Sugar ilikuwa bingwa mwaka 2006, na mwaka 2019 ikaondolewa ligi kuu kwa kushindwa kufika uwanjani, wakati sekta ya sukari ikiyumba. Zitazame kwa upande wa pili AFC Leopards, iliyoanzishwa mwaka 1964, na Gor Mahia ya mwaka 1968. Zimekosa wadhamini, zimegombana, zimekwenda mahakamani, wachezaji wao wamekaa miezi bila mishahara. Hazijafa. Yanga ya mwaka 1935 na Simba ya mwaka 1936 kule Dar es Salaam ni hivyohivyo. Hizi ni klabu zenye wanachama, zenye watu wanaoamini kwamba ni zao na wanaoweza kuuliza maswali kwenye mkutano. Wivu wa mwenye mali huilinda mali.

Simlaumu mwenye kiwanda aliyeipa timu fedha. Bila Björnberg hakuna ubingwa wa 2005, na bila Pan Paper nisingewaona Gor Mahia kwa macho yangu nikiwa mtoto. Mdhamini ni neema. Kosa ni kumwachia mdhamini jina, uwanja na daftari la watoto, kisha kushangaa anapoondoka navyo vyote.

Kenya ina Sheria ya Michezo ya mwaka 2013 na ofisi ya Msajili wa Michezo. Kusajili klabu ya wanachama hakuhitaji bomba la moshi. Kunahitaji katiba, viongozi wanaochaguliwa, ada ambayo mama wa sokoni anaweza kuilipa, na mtu wa kufungua geti jioni. Kampuni ikija, iingie kama mdhamini kwa mkataba wenye mwanzo na mwisho. Ikiondoka, iondoke na nembo yake tu. Miji yetu yote ya viwanda, kuanzia miji ya sukari ya magharibi hadi ya chai na maua, ingefanya hivyo leo, wakati bomba bado linatoa moshi na mshahara bado unaingia. Watu wa Viipuri walilazimika kujifunza somo hilo wakikimbia vita. Sisi tuna nafasi ya kujifunza tukiwa tumekaa nyumbani, na Webuye ndiyo nitakayoanza nayo.